Namna ya kubaini kama jeni inahitajika katika chavua au katika mrija wake

Mmea wa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumika sana maabara, wenye nakala (aleli) moja nzima ya jeni na nakala moja mbovu, ukijichavusha wenyewe, unatakiwa kutoa miche mitatu iliyobeba aleli mbovu kwa kila mche mmoja usiokuwa nayo. Hata hivyo, hutokea mtu akahesabu miche yake, akarudia kuihesabu, na bado akakuta iliyobeba aleli hiyo ni nusu tu. Wengi hudhani kwamba mbegu zimechanganyika wakati wa kuvuna, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mbegu zikiwa safi, hesabu hiyo ya nusu kwa nusu ni dalili kwamba jeni husika inahitajika na gametofiti zenyewe, yaani sehemu ndogo zinazobeba gameti: ama chavua, ama mfuko wa kiinitete ulio ndani ya ovuli. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye dalili hiyo hadi kujua ni hatua ipi hasa inayokwama, kwa vifaa ambavyo maabara ya kawaida ya chuo inaweza kuwa navyo.

Tenganisha kwanza mmea mzazi na chembe

Chembe ya chavua ni kiumbe kidogo chenye seti moja ya kromosomu, na jeni zake zinafanya kazi kwa ajili yake. Ndani ya chavulio, seli mama hugawanyika kwa meiosisi na kutoa mikrospora nne. Kila mikrospora hugawanyika tena kwa mgawanyo usiolingana, ikapatikana seli kubwa ya mwili, ambayo ndiyo itakayoota mrija, na seli ndogo ya uzazi iliyofumbatwa ndani ya ile kubwa. Seli hiyo ndogo hugawanyika mara moja zaidi kutoa seli mbili za manii. Katika Arabidopsis, mahindi na mpunga mgawanyiko huu wa mwisho hukamilika kabla chavua haijatoka kwenye chavulio, ilhali katika nyanya, tumbaku na yungiyungi hufanyika mrija ukiwa umekwisha kuota. Anayehamisha mbinu kutoka mmea mmoja hadi mwingine asiposahau tofauti hiyo ataepuka kuita kasoro jambo ambalo ni desturi ya mmea wenyewe.

Wakati huohuo, ukuta wa ndani wa chavulio una tabaka la seli liitwalo tapetamu, ambalo ni mali ya mmea mzazi. Tabaka hili hulisha mikrospora na kutoa malighafi ya eksini, yaani gamba gumu la nje la chavua. Jeni kama MS1, AMS na MYB80 hufanya kazi humo. Mmea wenye nakala mbili mbovu za mojawapo ya jeni hizo hautoi chavua yenye uhai, lakini mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu hutoa chavua nzuri yote, kwa sababu tapetamu yake inatosheka na ile nakala moja nzima. Chembe zilizobeba aleli mbovu nazo hulelewa vizuri kama dada zao.

Jeni inayohitajika na chembe yenyewe huenda kinyume chake. Mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu hutoa chavua ambayo nusu yake ina kasoro, kwa kuwa chembe yenye seti moja ya kromosomu haina nakala ya pili ya kuikopa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: katika mmea wenye aleli mchanganyiko, yaani moja nzima na moja mbovu, je, chavua yote ni nzima, yote ni mbovu, au nusu kwa nusu? Jibu la «yote ni mbovu» ni adimu, lakini lipo, pale aleli mbovu ya mzazi inapotawala. Mfano wake ni Ms44 ya mahindi, ambayo KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, zimeshiriki kuifanyia kazi nchini Kenya ili wazalishaji wa mbegu chotara wasilazimike kukata mbelewele kwa mikono shamba zima.

Hesabu kabla ya kugusa hadubini

Kujichavusha peke yake hakutoi jibu kamili. Aleli isiyopita kabisa kwenye chavua hutoa watoto nusu kwa nusu, na aleli isiyopita kabisa kwenye ovuli hutoa hesabu ileile. Lazima uchavushe kwa mkono pande zote mbili: mmea wenye aleli mchanganyiko uwe baba kwa mama wa kawaida, kisha uwe mama kwa baba wa kawaida.

Kazi ya mkono yenyewe inahitaji utulivu. Chagua tumba ambalo ncha nyeupe za petali zimeanza tu kuchungulia juu ya sepali. Tumba dogo zaidi ya hapo huumia likiguswa, na kubwa zaidi ya hapo huenda limekwisha kujichavusha. Ondoa maua yote yaliyofunguka na matumba machanga yanayolizunguka. Kwa koleo lenye ncha nyembamba kabisa, fungua sepali na petali, kisha toa stameni zote sita, nne ndefu na mbili fupi. Hizo fupi ndizo zinazosahaulika, kwa kuwa hujificha pembeni, na moja iliyobaki inatosha kuharibu hesabu nzima. Subiri siku moja. Stigma iliyo tayari huonekana chini ya lenzi ikiwa imesimamisha vinyweleo vyake kama brashi fupi. Chukua ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo, lishike kwa koleo na upake machavulio yake juu ya stigma mpaka uione imepata rangi ya manjano. Osha koleo kwa ethanoli ya asilimia 70 na uliache likauke kabla ya kugusa baba mwingine.

Watoto wakiota, wapime mmoja mmoja kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA ili kukitambua. Wengi huchagua njia rahisi ya kuwaotesha kwenye kanamisini, dawa inayoua mche usio na jeni ya ukinzani, lakini mistari ya SALK, mkusanyiko wa mimea ambayo jeni zake zimeharibiwa kwa kipachiko (kipande cha DNA kilichoingizwa), ambayo ndiyo inayotumika sana, ina tabia ya kunyamazisha jeni ya ukinzani baada ya vizazi kadhaa, na mche uliobeba kipachiko hufa kana kwamba haukukibeba. Hitilafu hiyo huzaa hesabu zinazofanana kabisa na kasoro ya gametofiti. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi mitatu nikifuatilia «jeni ya chavua» ambayo haikuwa na shida yoyote isipokuwa kanamisini iliyonidanganya.

Ufanisi wa upitishaji hupatikana kwa kugawanya idadi ya watoto waliobeba aleli mbovu kwa idadi ya wasioibeba, kisha kuzidisha kwa 100. Tuseme, kwa mfano tu, baba mwenye aleli mchanganyiko ametoa watoto 200, na kati yao 82 wamebeba aleli mbovu na 118 hawakuibeba. Ufanisi ni 82 kugawanya kwa 118, yaani asilimia 69.5. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati? Kilichotarajiwa ni 100 kwa 100, tofauti ni 18, na kai-mraba ni 18 mara 18 kugawanya kwa 100, mara mbili, yaani 6.48. Kwa kuwa imezidi 3.84, ambayo ndiyo mpaka wa uwezekano wa 0.05 kwa uhuru wa digrii moja, kasoro haiwezi kupuuzwa. Tofauti ya uwiano huohuo katika watoto 50 isingefika kwenye mpaka, na ndiyo maana sipendekezi kuhesabu chini ya 150.

Ufanisi ulio kati ya sifuri na 100 una siri yake. Mara nyingi unamaanisha kwamba chembe iko hai na mrija unaota, ila unakwenda polepole na kupitwa na mirija ya chembe nzima zinazogombea ovuli zilezile. Kuna njia mbili za kulithibitisha hilo bila gharama. Ya kwanza ni kuchavusha kwa chembe chache sana, ili ovuli ziwe nyingi kuliko mirija. Kama ufanisi unapanda, ushindani ndio uliokuwa tatizo. Ya pili ni kuligawa tunda mara mbili wakati wa kuvuna, nusu ya juu iliyo karibu na stigma na nusu ya chini, na kuzihesabu mbegu zake kando kando. Mrija mvivu hufika juu tu, hivyo aleli mbovu hujikusanya katika mbegu za nusu ya juu.

Tazama chembe zikiwa nne nne

Kwa kawaida chembe nne zilizotoka meiosisi moja hutawanyika, na hapo huwezi kujua ni ipi dada wa ipi. Mwaka 1994 ilichapishwa habari ya mimea ya Arabidopsis yenye kasoro iitwayo quartet, ambayo chembe zake nne hubaki zimeshikana mpaka ukomavu na bado zina uwezo wa kuchavusha. Jeni ya QRT1 ilikuja kujulikana kuwa ni ya kimeng'enya kinachogusa pektini ya ukuta unaozunguka seli mama. Kimeng'enya kikikosekana, gundi haiyeyuki. Ukiweza, ingiza aleli yako katika mimea ya qrt1, yaani yenye QRT1 mbovu, kwa kuizalisha pamoja. Sehemu ya mistari ya SAIL, mkusanyiko mwingine kama wa SALK, imekwisha kutengenezwa katika mimea hiyo, tena kipachiko chake kinabeba jeni ya GUS inayoendeshwa na LAT52, swichi ya jeni ya nyanya inayowaka ndani ya chavua. Chembe iliyobeba kipachiko hugeuka buluu kwenye rangi ya GUS, na dada yake asiyekibeba hubaki mweupe.

Kwa uhai wa chembe, tumia rangi ya Alexander, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Malakaiti ya kijani hupaka ukuta, na fuksini ya asidi hupaka saitoplazimu kwa rangi nyekundu ya zambarau. Toa machavulio kwenye ua linalokaribia kufunguka, yaweke katika tone la rangi juu ya kioo, yabonyeze taratibu kwa kioo kidogo, na usubiri. Fomula ya zamani ina fenoli, kwa hiyo vaa glavu na ufanye kazi penye hewa. Siku hizi ipo fomula isiyo na fenoli, na ndiyo ninayoipendelea.

Kinachoonekana katika mmea wa qrt1 wenye aleli mchanganyiko ya jeni inayoua chavua ni kitu ambacho mtu hakisahau: chembe nne zimekumbatiana, mbili za duara zimejaa wekundu kama punje za komamanga, na mbili zimesinyaa, gamba tupu la kijani. Nenda kwenye kundi la pili, la tatu, la hamsini, na kila mara ni mbili kwa mbili. Kurudiarudia huko ndiko kuna uzito. Kromosomu zikiwa zimebadilishana vipande, jambo linalotokea katika mistari yenye kipachiko cha T-DNA, kama SALK na SAIL, mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri, nusu ya chavua nayo hufa na mtafiti hufurahi bure. Lakini kwenye qrt1 utakuta makundi yenye nne nzima, mengine mbili kwa mbili, na mengine nne zilizokufa. Ukiona mchanganyiko huo, iache jeni yako na uchunguze kromosomu kwanza.

Kama chembe zote ni nyekundu lakini upitishaji umeshuka, hesabu viini kwa DAPI, rangi inayong'arisha DNA, chini ya mwanga wa urujuanimno. Chembe komavu ya Arabidopsis ina kiini kimoja hafifu kilichotawanyika, cha seli ya mwili, na viwili vidogo vyenye kung'aa sana, vya manii. Jeni ya DUO1 ikiharibika, seli ya uzazi haigawanyiki, na badala ya nukta mbili kali unaona moja. Jeni ya GEMINI POLLEN1 ikiharibika, mgawanyiko wa kwanza hupoteza upande wake, ukatoa seli mbili zinazolingana au ukakatika vibaya katikati. Hapa hesabu chembe 300 au zaidi kwa kila mmea, na mhesabuji asijue ni slaidi ya mmea upi.

Otesha mrija nje ya ua

Kuotesha chavua ya Arabidopsis ni kazi yenye ukaidi, na anayeanza afadhali ajizoeze na mmea mkarimu. Impatiens walleriana, ua la vivulini ambalo asili yake ni Afrika Mashariki na sasa limejaa katika bustani za dunia nzima, huotesha mirija ndani ya saa moja. Tumia mchanganyiko wa Brewbaker na Kwack wa mwaka 1963: katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa weka sukrosi gramu 100, asidi ya boriki miligramu 100, kalisi naitreti miligramu 300, magnesi salfeti miligramu 200 na potasi naitreti miligramu 100. Nyunyiza chavua kwenye tone, funika, na utazame.

Kwa Arabidopsis, mililita 100 huchukua sukrosi gramu 10, asidi ya boriki miligramu 10, kalisi kloridi isiyo na maji miligramu 55, potasi kloridi miligramu 37, na magnesi salfeti yenye maji saba miligramu 25. Rekebisha pH iwe 7.5 kwa potasi haidroksidi, ongeza agarosi ya kuyeyuka kwa joto la chini gramu 1.5, yeyusha, na umimine tabaka jembamba juu ya kioo. Boroni na kalisi si viungo vya hiari: boroni hufunga pektini ya ukuta, na kalisi huongoza ncha ya mrija inakokua. Shika ua lililofunguka siku hiyo na uliburute juu ya agarosi kama brashi ya rangi, kisha weka kioo ndani ya kisanduku chenye karatasi yenye unyevu, gizani, kwa nyuzijoto 22 hadi 24, kwa saa sita au usiku mzima.

Matokeo mabaya kwa kawaida yana sababu za nyumbani. Agarosi imekauka, ua ni la jana, mmea umekaa kwenye joto. Katika chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi wa Februari, usitegemee mengi. Sababu nyingine ni uchache wa chembe: zikiwa mbali mbali hazioti vizuri kama zikisongamana, jambo ambalo Brewbaker na Kwack walilihusisha na kalisi. Kwa hiyo linganisha tu sehemu zenye msongamano unaofanana, na daima weka chavua ya mmea wa kawaida juu ya kioo kilekile. Hesabu chembe kuwa imeota pale mrija unapozidi kipenyo cha chembe yenyewe, na upime urefu kwa programu ya ImageJ. Chembe za mmea wa kawaida zisipoota angalau nusu, tupa jaribio lote.

Andika pia umbo. Mrija uliovimba kama puto huelekeza kwenye jeni zinazotunza uelekeo wa ncha, kama zile za protini za ROP. Mrija unaopasuka mara tu unapochomoza huelekeza kwenye uimara wa ukuta. Mfano mashuhuri ni ANXUR1 na ANXUR2, jeni pacha ambazo mojawapo ikiharibika peke yake huoni kitu, lakini zikiharibika zote mbili mirija hupasuka na kumwaga saitoplazimu palepale ilipoanzia. Kwa hiyo ukipata mmea usio na kasoro, tafuta jeni pacha inayofanya kazi katika chavua kabla ya kutangaza kwamba jeni yako haina kazi.

Fuata mrija ndani ya ua

Mrija unaokua vizuri juu ya agarosi unaweza kupotea ndani ya pistili. Chavusha kwa mkono, subiri saa 24, tumbukiza pistili katika mchanganyiko wa asidi ya asetiki sehemu moja na ethanoli sehemu tatu, kisha zilainishe usiku kucha katika sodiamu haidroksidi ya mola 8. Zioshe kwa upole, kwa maana sasa ni laini kama uji, na uzipake anilini ya buluu ya asilimia 0.1 katika potasi fosfeti. Kalosi iliyo katika ukuta wa mirija itang'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na utaona mirija kama nyuzi zinazoshuka na kukunja kuingia kwenye matundu ya ovuli.

Mirija ikipita karibu na ovuli bila kugeuka, shuku mwito na usikivu. Seli mbili za sinajidi zilizo mlangoni mwa mfuko wa kiinitete hutoa protini ndogo za LURE, zilizoelezwa kwanza mwaka 2009 katika ua la Torenia, na mrija wa Arabidopsis huzipokea kwa kipokezi PRK6. Mirija ikiingia lakini ikaendelea kujiviringisha ndani bila kupasuka, kasoro kama ya FERONIA iko upande wa mama, na hapo uchavushaji wa pande mbili ulikwisha kukudokezea. Mirija ikipasuka vizuri na mbegu bado hazitungi, tazama HAP2, inayoitwa pia GCS1: manii hufika lakini hayaungani na yai. Jeni hiyohiyo imo katika kimelea cha malaria, ambacho nacho huihitaji ili gameti zake ziungane ndani ya mbu.

Rudisha jeni

Hatua ya mwisho ni kuipachika jeni nzima katika mmea wenye aleli mchanganyiko, ikiendeshwa na swichi yake yenyewe au na LAT52. Chagua mmea uliopokea kipachiko kimoja tu, mahali pasipofungamana na jeni ya asili, na uutumie kama baba. Kama awali ufanisi ulikuwa sifuri, sasa nusu ya chembe zenye aleli mbovu zimebeba pia jeni nzima, kwa hiyo ufanisi unatakiwa upande hadi karibu asilimia 50, na kila mtoto aliyebeba aleli mbovu awe amebeba pia jeni iliyorudishwa. Sharti hilo la pili ndilo ninalolitazama kwanza. Akipatikana hata mtoto mmoja mwenye aleli mbovu bila jeni iliyorudishwa, rudia PCR yake. Majibu yakibaki vilevile, ufanisi wa awali haukuwa sifuri, na uchavushaji wa mwanzo unapaswa kurudiwa kwa watoto wengi zaidi.